Wodi ya Daraja la Tatu: Tabaka na Tiba kutoka Dar es Salaam hadi London

"Ugonjwa hauchagui," alisema mwenzetu mmoja katika kikao cha klabu muhula uliopita. Mwingine, ambaye mama yake ni muuguzi mstaafu kutoka Tanga, akamjibu papo hapo: "Kweli hauchagui. Hospitali ndiyo inayochagua." Kikao kile kilikuwa cha kupanga chakula cha Iddi, lakini mazungumzo hayakurudi tena kwenye pilau. Kila mtu alikuwa na kisa. Mmoja alizaliwa sakafuni kwa sababu vitanda vya wodi vilikuwa vimejaa. Mwingine alizaliwa katika wodi yenye pazia, feni na chai ya maziwa, katika hospitali hiyo hiyo na mwaka huo huo, kwa kuwa baba yake alikuwa na cheo.

Tuliamua kuandika makala haya ili kulijibu swali lililobaki mezani usiku ule: ni nani aliyeweka madaraja katika tiba? Tulipoanza kusoma tuligundua kwamba jibu linapita katika miji miwili tunayoifahamu, Dar es Salaam tulikotoka baadhi yetu na London tunakosoma sasa, na kwamba historia za miji hiyo zimefungamana kuliko tulivyodhani.

Mwaka 1897

Tuanze na mwaka mmoja. Mwaka 1897, wakati Wajerumani wanatawala Tanganyika, jengo kubwa la hospitali lilisimama ufukweni mwa Dar es Salaam, mahali penye upepo mwanana wa bahari. Ndilo tunaloliita leo Ocean Road, ambako sasa ipo taasisi ya saratani. Lilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Mwaka huo huo alifariki Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo aliyepata utajiri kwa kuandaa bidhaa na wapagazi wa misafara ya bara. Sewa Haji alikuwa ametoa fedha zake ili ijengwe hospitali ya Waafrika na Wahindi Dar es Salaam. Basi mji ukawa na hospitali mbili: moja ya serikali kwa wachache waliotawala, na nyingine ya sadaka ya tajiri kwa wengi waliotawaliwa.

Na mwaka huo huo, mbali kabisa, katika mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe uitwao Tredegar, kusini mwa Wales, alizaliwa mtoto wa mchimbaji aliyepewa jina la Aneurin Bevan. Tutarudi kwake.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walirithi mpango huo na kuupa sura ya sheria za ujenzi. Mji uligawanywa katika maeneo matatu kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa. Sheria ilizungumzia matofali na mabati, lakini wakazi waliyaita maeneo hayo kwa majina yao ya kweli: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi katikati, kati ya Uhindini na Kariakoo. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni afya, kwamba malaria na maradhi mengine yasisafiri kutoka Uswahilini kwenda kwa wengine. Haikusemwa kwamba maji, mitaro na taka havikushughulikiwa Uswahilini kama vilivyoshughulikiwa Uzunguni. Afya ilikuwa sababu ya kutenga, na kutenga kukawa sababu ya maradhi.

Jina la Kariakoo lenyewe ni somo. Linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliokusanywa huko wakati wa vita. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita vile, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu. Aliyebeba mzigo ndiye aliyepata mgawo mdogo wa chakula na dawa. Watu wengi hununua vitenge Kariakoo bila kulijua hilo.

London nayo ilikuwa na madaraja

Hapa tulitaka kusema kwamba hayo yalikuwa mambo ya ukoloni tu, ya rangi tu. Lakini tulipotazama Uingereza ya siku zile tulikuta madaraja yale yale bila ya tofauti ya rangi.

Tajiri wa Kiingereza hakwenda hospitali. Daktari alimfuata nyumbani. Fundi au karani mwenye heshima alijaribu kupata nafasi katika hospitali za hisani, zilizoendeshwa kwa michango ya matajiri. Fukara wa mwisho alipelekwa katika wodi za nyumba za maskini, mahali palipoogopwa hata na wenye njaa, kwa kuwa kuingia humo kulikuwa ni kutangaza kwamba umeshindwa na maisha. Mwaka 1895 Hospitali ya Royal Free, hapa London, ilimwajiri Mary Stewart, mwanamke wa kwanza kushika kazi ya kuwahoji wagonjwa waliofika kuomba tiba ya bure. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuchuja: nani anastahili msaada, nani anaweza kulipa, nani apelekwe kwa maskini. Wakumbukeni wanawake hao waliokaa mlangoni na daftari, maana tutakutana na daftari lao tena Tanzania, karibu miaka mia baadaye.

Mwaka 1911 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya bima ya taifa. Mfanyakazi wa kipato cha chini alikatwa senti kidogo kila wiki, mwajiri na serikali wakaongeza, naye akapata daktari wa kumtibu. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini mke wake hakuwemo, wala watoto wake. Mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua alibaki kuhesabu kwanza kama kuna fedha ya daktari.

Kule Tredegar wachimba makaa hawakungoja serikali. Walikuwa na chama chao cha matibabu, ambacho kila mwanachama alikichangia peni tatu kwa kila pauni ya mshahara, wakati pauni ilikuwa na peni 240. Kwa mchango huo familia nzima ilitibiwa, na asiyekuwa na kazi hakufukuzwa. Bevan alikulia hapo. Alipokuwa Waziri wa Afya baada ya Vita Vikuu vya Pili, alichukua wazo la mji wake na kulifanya la nchi nzima. Tarehe 5 Julai 1948 Huduma ya Taifa ya Afya, NHS, ilianza: tiba bila malipo wakati wa kutibiwa, kwa kila mtu, kwa kodi ya wote. Miaka mitatu baadaye, 1951, serikali yake ilipoamua kutoza watu fedha kwa miwani na meno ya bandia, Bevan aliona mlango unafunguliwa kwa mambo makubwa zaidi, akajiuzulu.

Sasa tujiulize. Mwaka huo wa 1948, serikali hiyo hiyo ya London ndiyo iliyokuwa ikiiongoza Tanganyika kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Je, kanuni ya tiba kwa wote ilivuka bahari? Haikuvuka. Dar es Salaam iliendelea na hospitali za madaraja. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret, ikachukua nafasi ya ile ya Sewa Haji. Ndiyo Muhimbili ya leo, na jina la mfadhili yule wa Bagamoyo limebaki katika wodi za Sewahaji, zinazojulikana na kila aliyewahi kumpelekea mgonjwa uji pale.

Profesa asiye na shahada

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, ilikuwa na madaktari wazalendo wachache mno. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba walikuwa 12. Serikali changa ilikabiliwa na uamuzi mgumu: fedha ndogo iliyopo iende wapi?

Miongoni mwa walioitwa kushauri alikuwa Richard Titmuss, profesa wa chuo cha LSE hapa London. Titmuss hakuwahi kupata shahada ya chuo kikuu. Alianza maisha kama karani wa bima, na kwa kuchambua takwimu za vifo vya watoto wa maskini wa Uingereza akajifunza alichokuja kufundisha. Yeye na wenzake walitoa ripoti yao kuhusu huduma za afya za Tanganyika mwaka 1964. Ushauri wao, kwa ufupi, ulikuwa huu: msiige Ulaya kwa kujenga hospitali kubwa mijini; wekeni nguvu katika vituo vya afya vijijini na katika kuzuia maradhi kabla hayajaingia. Wale wetu wanaopita mbele ya LSE kila siku kwenda maktabani hawakujua kwamba ramani ya zahanati za vijijini kwao ilijadiliwa pia na watu wa chuo hicho.

Hata hivyo, lililotugusa zaidi halikuandikwa London. Limo katika Azimio la Arusha la mwaka 1967. Azimio linatoa hesabu ambayo kila mwanafunzi wa uchumi angefaa kuijua. Hospitali kubwa zote zipo mijini, na zinawafaa wachache. Zinajengwa kwa mikopo ya nje. Mikopo ya nje hulipwa kwa fedha za kigeni. Fedha za kigeni zinaletwa na pamba, kahawa na katani. Kwa hiyo mkulima ambaye hatakanyaga hospitali ile ndiye hasa anayeilipia. Azimio likaonya kwamba, tusipoangalia, watu wa mijini watakuwa wanyonyaji wa wakulima. Tabaka katika tiba, kwa maelezo haya, halianzi mlangoni mwa wodi. Linaanza pale panapoamuliwa wodi ijengwe wapi na kwa jasho la nani.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya majaribio makubwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 zahanati na vituo vya afya vilienea vijijini. Walifunzwa waganga wasaidizi ambao hawakuwa madaktari, lakini walijua kutibu malaria, kuchanja watoto na kutambua mgonjwa wa kupewa rufaa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio na vikundi vya kusoma. Takriban watu milioni 2 walikaa chini ya miti kusikiliza, kujadili, kisha kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1977 tiba ya kibinafsi ya biashara ilipigwa marufuku. Zanzibar nako, baada ya Mapinduzi ya 1964, matibabu yalitangazwa kuwa ya bure.

Tusiseme kwamba madaraja yalikwisha. Zahanati ilikuwepo lakini dawa mara nyingi hazikuwepo. Mwenye ndugu Muhimbili alipita mlango wa nyuma. Lakini kuna tofauti kati ya nchi inayoshindwa kufikia lengo na nchi iliyoacha kuwa na lengo. Mama wa mwenzetu yule, muuguzi wa Tanga, alimwambia hivi kwa simu tulipokuwa tukiandika: "Sisi tulikuwa tunakosa pamba na spiriti. Lakini hatukumuuliza mgonjwa mfukoni ana nini. Hilo swali nilianza kuliuliza nikiwa nimeshaota mvi."

Daftari linarudi

Swali lile lilirudi kwa hatua. Bei za mazao zilianguka, mafuta yakapanda, vita vya Uganda vikamaliza akiba. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu masharti ya kurekebisha uchumi. Mwaka 1991 tiba ya kibinafsi iliruhusiwa tena. Mwaka 1993 ukaanza uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali. Kenya ilikuwa imetangulia kutoza ada mwaka 1989, ikasita, kisha ikarudia.

Sera ilisema kwamba watoto wachanga, wajawazito na mafukara watasamehewa. Lakini fukara anajulikanaje? Anapaswa kuthibitisha. Aende kwa mwenyekiti wa mtaa au ofisa mtendaji wa kijiji, apate barua yenye muhuri, aipeleke dirishani, asubiri ofisa wa ustawi amhoji. Wasomaji wetu wameshalitambua daftari hilo: ni lile la Royal Free ya mwaka 1895. Na kama ilivyokuwa London, wengi wanaostahili msamaha hawauombi. Wengine hawajui kwamba upo. Wengine wanaona haya kutangaza umaskini mbele ya foleni ya jirani. Hubaki nyumbani hadi homa ishuke au mgonjwa azidiwe.

Bima ya afya ilikuja kama dawa ya tatizo hilo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa serikali, yaani wale wenye mshahara wa kukatwa. Mkulima na mama lishe walibaki na mifuko ya jamii ya hiari, ambayo haikuwafikisha mbali. Ni yale yale ya Uingereza mwaka 1911: bima inaanza na mwenye ajira rasmi, wengine wanasubiri. Mwaka 2023 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Uingereza ilichukua miaka 37 kutoka bima ya wachache hadi huduma ya wote. Tunaiangalia saa ya Tanzania ikienda.

Sheria ya Glyncorrwg

Mtu anaweza kusema: basi jibu ni rahisi, ondoa ada, na tabaka litaondoka. Hapa historia ya Uingereza baada ya 1948 inatusahihisha.

Mwaka 1971 daktari Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi katika kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg, Wales, aliandika makala katika jarida la Lancet. Hoja yake ilikuwa kwamba huduma nzuri ya tiba huelekea kupatikana kwa uchache pale inapohitajika kwa wingi, na kwamba hali hiyo huzidi pale soko linapoachiwa kuamua. Madaktari wengi wanapenda kukaa mahali penye shule nzuri na hewa safi. Wagonjwa wengi wako mahali pasipo na vitu hivyo. Mwaka 1980 ripoti ya tume iliyoongozwa na Sir Douglas Black ilionyesha kwamba, baada ya miaka zaidi ya 30 ya NHS, mtu wa tabaka la vibarua alikuwa na uwezekano wa mara mbili na nusu zaidi wa kufa kabla ya umri wa kustaafu kuliko mtu wa tabaka la wataalamu. Serikali ya wakati huo ilitoa nakala 260 tu, siku za mapumziko ya Agosti.

Ukatokea pia utafiti wa Whitehall, uliofuatilia wanaume waliofanya kazi serikalini hapa London tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Hao wote walikuwa na ajira ya kudumu, na wote walikuwa na haki ya kutibiwa na NHS. Lakini Michael Marmot na wenzake walikuta kwamba vifo vya maradhi ya moyo viliongezeka ngazi kwa ngazi kadiri cheo kilivyoshuka. Matarishi na mabawabu walikufa kwa kiwango cha mara tatu hivi ya wakubwa wao. Sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Tabaka linaingia mwilini kwa njia nyingi: chakula, nyumba, kazi, na kuwa mtu wa kuamriwa siku nzima bila ya kuamua lolote.

Na sisi je?

Tungeweza kuishia hapo, lakini tungekuwa tumewaandika wengine tu. Sisi pia tumo.

Kila mmoja wetu aliyekuja kwa viza ya masomo alilipa ada ya afya ya wahamiaji kabla ya kupanda ndege. Ada hiyo ilianza mwaka 2015 kwa pauni 150 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Tangu Februari 2024 ni pauni 776. Anayelipa mara moja kwa miaka mitatu anatoa zaidi ya pauni 2,300, na bado akifanya kazi za jioni anakatwa kodi inayolipia NHS ile ile. Bevan alijiuzulu kwa sababu ya miwani.

Tumeona pia tabaka lisilo na risiti. Mwenzetu mmoja alimsindikiza mama wa Kibajuni, jirani yake, kwa daktari wa mtaa. Mama alikuwa ameshakwenda mara mbili peke yake na kurudi na vidonge vya maumivu. Alisema "moyo wanienda mbio" na "mwili hauna raha", na hakukuwa na wa kuyabeba maneno hayo hadi upande wa pili wa meza. Safari ya tatu, akiwa na msomi wa chuo pembeni anayejua kusema "tungependa apewe rufaa", rufaa ilitoka kwa dakika kumi. Ugonjwa ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni lafudhi.

La mwisho ni gumu zaidi kulisema. Hakuna mwezi unaopita bila ya kundi la simu kufunguliwa kwa jina la "Mchango wa Matibabu". Binamu amepata ajali, shangazi anahitaji kusafishwa figo, na sisi tulio Ulaya tunatuma. Ni wajibu, na hatutaacha. Lakini tumelazimika kukiri kwamba "kuwa na mtu nje" kumekuwa daraja la tiba huko nyumbani. Katika wodi moja, kitanda cha kulia kuna mgonjwa mwenye mpwa London, na kitanda cha kushoto kuna asiye na mtu. Wachimba makaa wa Tredegar walichangia peni tatu kwa ajili ya mtaa mzima. Sisi tunachangia mamia ya pauni, kila mtu kwa wa kwake.

Neno daraja kwa Kiswahili lina maana mbili: ngazi ya cheo, na kile kinachojengwa juu ya mto ili watu wote wavuke. Tumesoma historia ya maana ya kwanza. Kikao kijacho, kabla ya pilau, tumekubaliana kuzungumza mambo mawili: orodha ya wanachama watakaojitolea kuwasindikiza wazee wetu wa mtaani kwa daktari kama wakalimani, na iwapo sehemu ya mfuko wa klabu iende kila mwaka kwa zahanati moja, kwa wagonjwa tusiowajua majina. Mwenye hoja ya kupinga naye aje. Na mwenye mama au baba aliyefanya kazi hospitalini, ampigie simu kabla ya siku hiyo, amuulize ni lini alianza kumuuliza mgonjwa mfukoni ana nini.